Magunia mawili ya mbatata yamebaki harusini, nizifanyeje?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Asalamu aleikum mpishi. Tulikua na harusi ya kijana wangu hapa Kisauni wiki iliopita. Tuliambiwa tununue magunia manne ya mbatata, mvua ikanyesha, wageni wakapungua, sasa yamebaki mawili mazima ya kilo 50 kila moja. Nakaa flat ghorofa ya pili, nina friji na dipufriza ya kuuzia barafu. Mbatata nyengine zishaanza kutoa macho na leo nimekuta moja imeoza. Nikizitia friji zitakaa? Kutupa chakula sitaki na pesa za kununua vitu vya kuhifadhia sina. Mama wa Kisauni."

Waaleikum salaam mamangu, hongera kwa harusi, Mungu awape watoto maskizano. Sasa nakuomba kitu kimoja, kabla hujaendelea kusoma kayafungue hayo magunia yote mawili uyamwage chini, juu ya mkeka ama makatoni, manake hio moja ulioikuta imeoza haikua peke yake. Ukishamwaga rudi tuzungumze.

Mimi napika kwenye mashughuli hapa Mombasa miaka zaidi ya 20 sasa, na kabla ya hapo nilisomea mambo ya kuhifadhi chakula, na jambo nimekuja kuliamini ni hili, hapa kwetu mbatata haziwekwi, mbatata hugeuzwa. Mtu wa Kinangop aweza kuweka gunia stoo miezi miwili akalikuta vile alivoliwacha, manake kule ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari na usiku watu hulala na blanketi mbili. Mbatata yataka baridi ya digrii 7 mpaka 10 hivi, yataka giza, na yataka hewa. Sisi giza tunalo na hewa twaweza kuipata, ile baridi ndo hatuna, kaskazi, msimu wa joto, mchana yapita 30, na hata kusi, msimu wa ubaridi kidogo, usiku ni nadra kushuka chini ya 20. Na hichi si kitu kilichokufa, mbatata yapumua, yatoa joto na yatoa maji, na joto likizidi ndo yazidi kupumua, kwa hivo gunia lililofungwa likasimamishwa pembeni ya ukuta lajipika lenyewe kutoka ndani. Ungetia mkono katikati ya lile gunia kabla hujalimwaga ungesikia joto lake.

Alafu kuna hii ya macho. Mbatata nyingi tunazoletewa kwenye masoko ya Kongowea na Marikiti ni aina inaitwa shangi. Shangi ni nzuri, yaiva haraka na mkulima aipenda manake kwa miezi mitatu hivi ishavunwa, lakini haina usingizi. Kila mbatata ikivunwa hulala kwanza kabla haijataka kuota, kuna aina hulala miezi, shangi hulala kidogo tu, na ikifika kwenye joto letu ndo yaamka kabisa. Kwa hivo macho unayoyaona si ugonjwa wala hukuuziwa kitu kibaya, ni shangi imeamka, na hii yamaanisha huna mwezi, una kama wiki moja ya kufanya kazi ya maana.

Haya, kuchambua. Chukua moja moja mkononi, usiangalie tu kwa macho. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na kavu, ukiigonga na mwenzake zalia kama mawe, hio weka kando, hio ndo mali yako. Ikibonyea kidogo na ngozi imejikunja lakini ni kavu, imepoteza maji tu, yalika vizuri sana, weka fungu la kupikwa leo na kesho. Ilokatwa na jembe ama ilochubuka, weka fungu lake, ntakuja kukwambia kazi yake. Ilioteleza mkononi, ikibonyezwa yatoa maji na harufu yake ni kama ya samaki alolala nje, hio tupa hapo hapo, na zile zilizokua zimegusana nayo usizioshe kwa maji, zipanguse kwa kitambaa kikavu uzipike leo leo. Maji ndo adui. Watu wengi wakiona kioza kimoja huosha gunia zima wakidhani wanaliokoa na siku tatu baadae lote limeenda.

Hili nalisema kwa uchungu manake lishanipata. Mwaka mmoja nilinunua magunia matano ya shughuli ya watu, muuzaji alonipa alikua ameyawacha nje yakanyeshewa, mimi sikufungua, nikayapanga chumba cha chini chenye taili na juu nikafunika turubai nikidhani nayakinga na mvua. Siku ya sita nafungua mlango, harufu yanirudisha nyuma. Moja ilioza juu, maji yake yakashuka kwa zilizo chini, na zile zikashusha kwa zengine, mpaka chini ya gunia ni uji mweusi. Magunia matatu tuliyabeba na koleo. Pesa ya mwenye shughuli ile, nikailipa mimi.

Sasa za kijani. Ukiona ngozi imegeuka kijani ujue imekaa kwenye mwanga, jua ama hata taa ya stoo. Ule ukijani wenyewe hauna dhara lakini pamoja nao hutengenezwa sumu inaitwa solanini, hukaa zaidi kwenye ngozi, kwenye kijani, na kwenye yale macho, na haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Ikiwa ni doa dogo likate kwa kina usilikwangue tu juu juu, ikiwa nusu ya mbatata ni kijani itupe, na ukipika ukaonja uchungu usijilazimishe, na watoto usiwape kabisa. Huharisha, hutapisha, kichwa chauma. Macho nayo, kama mbatata bado ni ngumu vunja jicho, chimba na ncha ya kisu pale lilipotokea, pika. Ikiwa mimea imekua mirefu na mbatata yenyewe imelainika kama mpira umetolewa upepo, wacha.

Swali lako la friji. Hapana, mbatata mbichi usizitie friji, angalau zile unazotaka kukaanga. Kwenye baridi ya digrii 4 ule wanga wake waanza kugeuka sukari, ukikaanga chipsi zafanya nyeusi nje kabla hazijaiva ndani na ladha yake yakua tamu tamu isioeleweka. Dipufriza nayo ikipokea mbatata mbichi nzima, siku ukiitoa utapata kitu cheusi chatoka maji. Lakini dipufriza hio hio ikipokea mbatata iliopikwa kwa njia yake, hapo ndo una hazina, ntafika huko.

Na kabla sijasahau, kuna wanaopenda kuchemsha mbatata na kuzitia kwenye chupa za kachumbari zenye maji ya chumvi na kufunga kwa nguvu. Tafadhali usifanye. Mbatata haina ukali wa ndimu wala siki wa kuilinda, na maji ya kuchemka hayatoshi kuua mbegu za kijidudu cha botulinum, mpaka mtambo wa presha maalum wa kazi hio. Sumu yake haina harufu. Embe twaitia achari manake embe ni kali na kuna chumvi na siki, mbatata si embe.

Turudi kwa mahesabu. Kilo 100, tuseme umetoa 8 mbovu. Kilo 30 zitoe nyumbani wiki hii hii. Najua watu huona haya kuuza kilichobaki harusini lakini fikiria hivi, wale mama wa viazi karai kwenye mitaa, pale kwenu Kisauni nina hakika wapo zaidi ya mmoja, wao hutaka mbatata ndogo ndogo za kuenea mkononi, ambazo sokoni hununua bei sawa na kubwa. Mchambulie zile ndogo ngumu ndoo mbili tatu, muuzie chini ya bei ya soko, yeye amepata na wewe umepata pesa ya nyama ya katlesi. Zengine peleka kwa majirani na madrasa. Jirani alopewa ndoo ya mbatata leo atakuja na nazi kesho, ndo vile tumelelewa.

Kilo 20 zilizo bora kabisa, kubwa, kavu, zisizo na jicho wala kovu, hizo ndo za kuweka mbichi, na usitarajie zaidi ya wiki mbili, tatu ukiwa na bahati. Mahali pazuri kwenye flat ni uvungu wa kitanda. Nasema kweli, chumba cha kulala ndo chenye giza na ndo kisicho na moto wa jiko, si jikoni, si roshani, wala si nyuma ya friji ambako kwatoka joto mchana kutwa. Weka mbao mbili tatu ama vipande vya paleti zisiguse taili, juu yake katoni, tandaza mbatata safu moja, mbili mwisho, funika na gunia la katani ama leso nzito ya rangi. Plastiki na nailoni usifunikie. Vitunguu viweke chumba chengine, vyote viwili vyatoa unyevu na kimoja chamharibu mwenzake. Jumatano na Jumapili jiinamie uvunguni uzipitie, vunja macho, toa ilolainika.

Utaambiwa chimba shimo uzifukie. Bara yafanya kazi manake ukichimba ardhi ya kule wakuta baridi. Udongo wetu ukichimba wakuta digrii 26, 27 mwaka mzima, hapo umezizika tu. Na ile stoo ya makaa yaliyolowa maji watu husifu, yategemea hewa kavu inywe yale maji ndo kupoe, hewa ya Mombasa ishashiba maji zamani, utapata nafuu ndogo sana na mbatata zako zilowe bure.

Sasa kilo 20 zengine za katlesi ziende dipufriza, na hapa ndo nataka utie nguvu zako zote, manake Ramadhani yaja kila mwaka na hakuna nyumba Mombasa isiotaka katlesi. Azima sufuria kubwa la mashughuli, nina hakika bado liko karibu na wewe, uchemshe kilo 5 kwa mara moja kwa kuni ama makaa kuliko kuwasha gesi mara tano. Mbatata za katlesi chemsha na maganda yake, nzima nzima, usizikate. Ukizimenya na kuzikata kabla zanywa maji, na katlesi yenye maji ndo ile yapasuka kwenye mafuta. Maji yenyewe yawe ya tamu, yale ya kisima yenye chumvi yaharibu ladha na hutaweza kupima chumvi yako. Zikiingia uma bila kupigana, mwaga maji, rudisha sufuria juu ya makaa yanayozimika dakika mbili mvuke utoke, kisha menya zingali moto kwa kushikia kitambaa. Ponda hapo hapo kwa mwiko, ndimu, chumvi, pilipili manga, dania, basi. Siagi na maziwa usitie, hii si ya kula na kijiko.

Nyama ya kima, kama pesa ni kidogo, robo tatu ya kilo yatosha kilo 10 za mbatata ukiikaanga kavu na vitunguu vingi na kitunguu saumu na bizari, na wengine hutia dengu ilochemshwa ikakauka badala ya nyama na hakuna mtu amewahi kunilalamikia. Iwache ipoe kabisa. Chukua bonge la mbatata la kuenea kiganjani, lilaze, tia kijiko cha kima katikati, lifunge, lilainishe kwa mkono ulolowa kidogo mpaka usione ufa. Ufa wowote leo ni katlesi iliopasuka siku ya futari. Viringisha kwenye unga wa mkate mkavu ulioponda mwenyewe. Yai usipake sasa, yai ni la siku ya kukaanga. Panga kwenye trei zisigusane, gandisha usiku mmoja, zikishakua mawe zikusanye kwenye yale makopo ya aiskrimu ama ndoo ndogo zenye vifuniko vya kubana. Kilo moja hutoa kama 12 mpaka 14, kwa hivo kilo 20 zako ni katlesi 240 na zaidi, na hizo zakaa miezi miwili mitatu bila kuharibika ladha. Siku ya kukaanga hazitaki kuyeyuka mpaka mwisho, zitoe, chovya kwenye yai, mafuta ya moto wa wastani.

Kitu kimoja cha kuangalia, mbatata iliochemshwa isikae juu ya meza. Joto letu saa moja yatosha, saa mbili ni nyingi, ukiona jioni imeanza kunata na kunuka uchachu usiitengeneze upya. Fanya kilo 4 ama 5 kwa siku, isiwe 20 kwa mpigo, manake dipufriza ndogo ukiitia mzigo wote wa vuguvugu mara moja yashindwa kugandisha na hata barafu zako za biashara zayeyuka. Stima ikipotea usifungue kifuniko kuchungulia. Ikijaa vizuri na ikifungwa hukaa na ubaridi wake kama siku mbili, ikiwa nusu ni siku moja.

Kilo 15 zengine fanya chipsi za kuweka. Kata nene, osha mpaka maji yatoke safi, tia kwenye maji yanayochemka yenye kijiko cha siki, dakika 3 au 4 tu, siki yazishika zisivunjike. Zitoe zikauke juu ya leso safi, zikauke kweli, kisha gandisha kwenye trei kama katlesi. Zatoka friza zaenda moja kwa moja kwenye mafuta, na asubuhi ya mtoto kwenda shule ushukuru.

Kuanika jua sikushauri sasa, umesema mvua yanyesha. Ingekua kaskazi, Januari ama Februari, ningekwambia kata vipande vyembamba, chemsha dakika 5, tandaza juu ya neti siku mbili mpaka kipande kikivunjwa kilie, kilo 5 zakua kilo moja hivi na hukaa miezi ndani ya chupa kavu. Mvua ikiwepo zaota ukungu kabla hazijakauka.

Kuzipanda zile zilizoota pia usijisumbue. Utapata majani mazuri ya kijani na chini ukichimba hakuna kitu cha maana, mbatata yataka usiku wa baridi ndo izae chini, na usiku wetu haushuki huko. Maganda mabichi ya kijani na mimea usimpe mbuzi wa jirani, yale masafi yaliopikwa hayana neno.

Limebaki lile fungu la zilizokatwa na jembe, kilo 7 hivi. Hizo hazingoji, kwa joto hili zaweza kuoza kabla kovu lake halijafunga. Toa palipoharibika, zikwaruze kwenye ile ya kukwaruzia karoti, zitie kwenye leso safi uzikamue ndani ya beseni la maji, suuza tena na tena mpaka maji yasitoe weupe. Yale machicha changanya na unga wa dengu, vitunguu, pilipili, kaanga bajia za jioni hio hio. Beseni liwache kama saa moja bila kulitikisa, maji yatakua ya rangi ya chai na chini patakua na kitu kimeganda cheupe kama chokaa. Mwaga maji pole pole, tia mengine masafi, koroga, ngoja tena, mwaga, kisha anika ndani ya nyumba karibu na dirisha mpaka ikauke iwe unga. Kilo moja yakupa kama gramu 100. Ni wa kufanyia mchuzi uwe mzito, na ukiukoroga kwenye maji ya moto ni kanji ya kanzu, ile ya kijana wako ya harusi ukiifua ijaribu. Ila unapomwaga yale maji ya kwanza kua makini mkono usitetemeke, manake ule weupe wa chini ni mlaini na waondoka na maji kabla hujajua.